Bei ya Kila Kitu

Hakuna kitu ambacho Wachuka alipita karibu nacho bila kuuliza bei yake. Alikuwa ameuliza bei ya sofa ambazo zisingepita kwenye mlango wa nyumba yake, bei ya trekta, bei ya mbwa wa kizungu mwenye manyoya kama kondoo, na hata siku ya kumchagulia shemeji yake jeneza, wenzake wakifuta machozi, yeye alimwinamia muuzaji akamnong'oneza, "Na hili la vioo, mnaliuzaje?" Mumewe, Njuguna, alikuwa amezoea. Wakienda sokoni Molo, yeye alitangulia hadi duka la dawa za mifugo akamngoja hapo, maana alijua mkewe ataongea na kila gunia la viazi kabla ya kufika.

"Kuuliza bei si kununua," Wachuka alikuwa akijitetea. "Mtu akikuuliza unaumwa wapi, amekuwa daktari?"

Kisa hiki kilikwisha salama, na ni heri kusema hivyo mapema, maana kuna wasomaji wenye presha. Lakini kabla hakijakwisha kilimkondesha mama huyu hadi sketi yake ya kanisani ikaanza kuzunguka kiunoni, na kidogo tu kingevunja nyumba ambayo hata moto ulikuwa umeshindwa kuivunja.

Kilianza na simu. Sue, kifungua mimba wao, anayeishi Kiamunyi, kule Nakuru, na kufanya kazi ya kompyuta, alimletea mamake simu mpya wakati wa Krismasi. Ile ya zamani, yenye ufa pembeni, Wachuka alimpa mumewe. Alitoa laini yake, akaweka ya mzee, akaipangusa kioo kwa upindo wa leso, akaona kazi imekwisha. Njuguna aliipokea kwa mikono miwili. Hakuwa na mambo mengi nayo: habari za asubuhi, hali ya hewa, na mahubiri ya Jumapili kwa wale ambao mvua imewafungia nyumbani.

Kwa mambo ya mitungi ya maziwa, Wachuka alikuwa makini kuliko hivyo. Kule kituo cha maziwa kila mkulima ana namba yake, imepakwa rangi kwenye mtungi. Karani hatazami sura ya mtu. Anatazama namba, anapima, anaandika, anaita anayefuata. Namba ya Wachuka ilikuwa 61. Mwaka uliopita, mtungi wa jirani yake Chepkemboi ulitoboka, naye Wachuka akamwazima wake wa akiba bila kufikiri mara mbili. Wiki nzima maziwa ya Chepkemboi yaliandikwa kwa jina la Wachuka, na ilibidi wanawake hao wawili, watu wazima wenye wajukuu, wasimame mbele ya karani kama watoto waliovunja dirisha. Tangu siku hiyo, Wachuka hakuazima mtungi kabla ya kuifunga namba yake kwa kitambaa.

Basi jioni moja ya mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati, Njuguna alisinzia kwenye kiti chake karibu na jiko, simu ikiwa wazi mezani. Wachuka akaichukua ili aone viazi vinaendaje Nairobi. Hakufika kwenye viazi. Chini ya habari ya kwanza kulikuwa na picha ya shamba la kijani, na maandishi makubwa: BADO UNAFIKIRIA KUUZA SHAMBA LAKO MOLO? ENDELEA PALE ULIPOISHIA.

Aliirudisha simu mezani kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

Kesho yake, mzee akiwa kwa ng'ombe, aliifungua tena. Akaenda kwenye hali ya hewa: lile tangazo lilikuwepo. Akaenda kwenye mahubiri: lilikuwepo, limekaa chini ya zaburi bila haya. Safari hii lilikuwa na mwenzake: "Tunanunua mashamba Molo, Elburgon na Njoro. Malipo ya haraka." Akakimbilia simu yake mpya akafungua kurasa zile zile. Huko aliletewa matangazo ya sufuria na ya nywele za kusuka. Hakuna aliyemtajia shamba hata mara moja.

Kilichomuumiza hasa ni lile neno "ulipoishia." Mtu haishii mahali ambapo hakuanzia.

Ili mtu aelewe kwa nini neno hilo lilimchoma hivyo, ni lazima aelewe shamba lenyewe. Halikuwa kubwa, ekari nne tu, nyumba, boma la ng'ombe watatu, na viazi hadi kwenye ua wa akina Chepkemboi. Lakini waliwahi kuliacha, mwaka ule mbaya wa fujo za uchaguzi, ambao hakuna mtu wa Molo anayehitaji kuambiwa ni upi. Waliishi kwenye hema, Sue akiwa msichana mdogo, na waliporudi walikuta majivu na nguzo moja. Chepkemboi na mumewe ndio walikuwa wamemficha mtamba wao wakati wote huo, wakamrudisha akiwa na mimba, wakamfunga kwenye ile nguzo bila kusema mengi. Njuguna akasimama katikati ya majivu akasema, "Mama Sue, hapa tutatoka tukibebwa." Tangu siku hiyo, neno kuuza halikuwahi kutajwa katika nyumba hiyo, hata kwa mzaha.

Na sasa lilikuwa limeandikwa kwenye simu ya mwenye nyumba.

Ukishashuku mtu, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Wachuka alianza kukumbuka. Njuguna alikuwa amepunguza maneno. Alimwita akiwa kwenye meko, na mzee akaendelea kutazama jiko kana kwamba hakuna aliyesema. Simu yake ikilia, alitoka nayo hadi nyuma ya stoo, akaongea na aliyempigia akiwa ameupa ukuta mgongo. Halafu kulikuwa na zile Jumanne. Mara mbili sasa alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu akaenda Nakuru.

"Unaenda kuona nani?" alimuuliza mara ya pili.

"Naenda kuona mtu," Njuguna akajibu, akafunga kifungo cha mwisho.

Mtu wa kuuliza bei ya jeneza la vioo angeweza kuuliza swali moja la moja kwa moja. Lakini bei unaiuliza ukijua unaweza kucheka na kuondoka. Swali hili lilikuwa na majibu mawili, na moja kati ya hayo Wachuka hakujua angeliweka wapi. Alijaribu mara moja tu. Alikuwa amesimama kwenye meko, mumewe amekaa pale pale pa siku zote, akasema bila kumtazama, "Baba Sue, hili shamba una mpango gani nalo?"

Njuguna aliendelea kuota moto. Hakugeuka, hakukohoa, hakusema lolote.

Wachuka akaukoroga ugali hadi mwiko ukalia. Alikuwa amepata jibu lake.

Aliyemwambia la kufanya ni Chepkemboi, wakiwa kwenye foleni ya maziwa. Wachuka hakutaka kumwambia, ila mwenzake alimtazama machoni akasema, "Mama Sue, wewe hulali," na kila kitu kikamwagika.

"Weka caution," Chepkemboi akasema polepole, kichwa kimeinama. "Unaenda kwa wakili, anakuandikia karatasi, inapelekwa ofisi ya ardhi. Hakuna mtu atauza hilo shamba bila wewe kujua."

"Na yeye ataambiwa?"

"Lazima aambiwe. Si shamba liko kwa jina lake?"

Foleni ikasogea, nao wakasogeza mitungi yao. Walijua maana yake. Zuio la namna hiyo halikai kwenye faili peke yake. Litafika kwa ndugu za mume, litafika kanisani, na hapo litakuwa limesema kwamba Njuguna, aliyejenga nyumba hiyo mara mbili kwa mikono yake, mkewe anamwona mwizi. Ukimwekea mwanamume hilo, mnaweza kuendelea kula meza moja, lakini kuzungumza ndiyo basi. Na usipomwekea, labda utaamka siku moja ukute watu wanapima mipaka.

Alhamisi asubuhi, Wachuka alichukua simu ya mumewe kwenye rafu, akaiacha yake mahali pale pale, akatia kitambulisho kwenye pochi, akaenda Nakuru. Alimwambia mzee anaenda kumwona Sue, na huo haukuwa uongo. Alihitaji Sue amsindikize kwa wakili.

Sue alifungua geti akiwa amevaa sweta kubwa la kofia, kikombe mkononi. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile mpya za Kiamunyi, zenye rangi mbele na kokoto zilizobaki nyuma, na mezani kwake kompyuta ilikuwa imefunguka kwenye picha za viatu. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wenye maduka tovuti za kuuzia bidhaa zao.

"Mum! Asubuhi hivi? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Chukua kitambulisho twende kwa wakili. Baba yako anauza shamba."

Sue aliweka kikombe chini. Rangi ilimtoka usoni, kwa sababu naye alikuwa amelala kwenye lile hema. "Dad? Dad hawezi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Wachuka akasema. Akaitoa simu kwenye pochi, akafungua ukurasa wa habari, akamwonyesha. Tangazo lilikuwa limekaa pale pale likiwangoja, na shamba lake la kijani. "Soma mwenyewe. Ulipoishia. Ameishia wapi, Sue? Ameanza lini?"

Sue alisoma. Akasoma tena. Halafu akaigeuza simu akautazama ule ufa wa pembeni, na uso wake ukaanza kubadilika kwa namna ambayo mamake hakuielewa.

"Mum, hii si ile simu yako ya zamani?"

"Ndiyo hiyo. Nilimpa."

"Kabla umpe, uliisafisha?"

"Niliipangusa vizuri sana."

Sue akakaza midomo. "Kaa chini kwanza. Wacha nikumiminie chai."

"Sitaki chai, nataka wakili."

"Mum, kaa. Hizi ni cookies tu." Akamimina chai hata hivyo, akavuta kiti karibu. "Website haina macho. Ukiingia leo, ukitoka, imekusahau kabisa. Ukirudi kesho ni kama hamjawahi kuonana. So ili ikukumbuke, inakuwekea kitu kidogo ndani ya simu, kama namba hivi. Kesho ukirudi, simu yenyewe ndiyo inaionyesha hiyo namba. Website inaangalia kwake, inasema, aha, ni huyu, jana alikuwa anaangalia viatu, tumwonyeshe viatu."

Wachuka alikuwa na hasira, lakini hakuwa mjinga. "Kama mtungi wa maziwa," akasema.

"Mtungi?"

"Karani hanijui sura. Anasoma 61."

"Eeh! Hivyo hivyo, kabisa. Sasa ongeza hii: hawa wasee wa matangazo wana watu wao kila mahali. Mmoja amekaa kwa website ya news, mwingine kwa hali ya hewa, mwingine kwa ile ya mahubiri, na wote ni wa kampuni moja. Ukipita na mtungi wako wanasoma namba, wanaambiana, huyu aliuliza mambo ya shamba juzi."

"Huo ni umbea," akasema Wachuka, ambaye umbea aliujua ukiwa bado mbali.

"Ni umbea, na wewe ndiye uliwaruhusu. Si huwa kuna kitu inakuuliza 'Kubali zote'? Huwa unafanya aje?"

"Nakubali. Mtu ameniuliza kwa heshima, nimkatalie?"

Sue alicheka, halafu akaacha kucheka, akamshika mamake mkono. "Mum, nisikize. Hiyo namba haiko kwa mtu. Iko kwa simu. Ukimpa mtu mtungi na namba bado iko juu yake, maziwa yanaandikwa kwa nani?"

Wachuka akamwona tena Chepkemboi amesimama mbele ya karani, na yeye pembeni yake, wote wawili wakitazama viatu vyao. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kila mtungi uliotoka katika boma lake tangu siku ile, na simu akaitoa hivi hivi, imebeba kila mlango aliowahi kuupigia hodi.

"Lakini mimi sijawahi kuuza shamba!" akasema.

"Sijasema uliuza. Nakuuliza kama kuna website uliingia ukauliza bei."

Nje mtu alikuwa akichanganya simiti kwa sepetu. Wachuka aliivuta ile chai aliyosema haitaki, akanywa, akaiweka chini, na taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, akaanza kukumbuka saluni ya Molo.

Ilikuwa mwaka jana, kabla ya Krismasi. Watoto wa marehemu Mwaura, ambao hukaa Nairobi, walikuwa wamepigilia kibao cha kuuza kwenye shamba la baba yao, na wanawake wote waliokuwa saluni walikuwa wakibishana litaenda kwa bei gani. Wachuka alikuwa chini ya ile mashine ya kukausha nywele, hasikii ubishi vizuri, na jambo hilo lilimuumiza. Akatoa simu. Tovuti moja ikamuuliza: unanunua au unauza? Akafikiri, mwenye kuuza ndiye huambiwa bei ya kweli. Akabonyeza kuuza. Ikaendelea kumuuliza maswali, naye akaendelea kujibu, hadi zamu yake ya kusukwa ikafika, akaifunga simu, akasahau.

"Sue," akasema kwa sauti ndogo, "hilo tangazo, libonyeze."

Sue alibonyeza. Ukurasa ukafunguka bila kusita, kwa furaha ya mwenye duka aliyekuona unarudi.

KARIBU TENA, MAMA SUE.

Chini yake vyumba vidogo vilikuwa vimejazwa, vyote kwa mkono wake. Mahali: Molo. Ukubwa: ekari nne. Maji: yapo. Barabara: ipo, ila mvua ikizidi mtu avae gambuti. Na pale palipoandikwa Maelezo Mengine, kulikuwa na maneno ambayo Sue aliyasoma kwa sauti, polepole, sauti ikimtetemeka kwa kicheko:

"Udongo wa viazi, hauna mawe. Majirani wazuri sana, hata ukienda mbali watakuwekea ng'ombe. Siuzi. Nauliza tu."

Sue akainama mezani, mabega yakimtikisika. Wachuka yeye hakucheka mara moja. Alijishika kifua kwa mikono miwili na pumzi iliyotoka hapo ilikuwa ndefu, kana kwamba alikuwa ameibana tangu ile jioni ya mvua. Halafu machozi yakamjia, na kicheko kikayafuata nyuma, na vyote viwili vikakaa usoni kwake kwa pamoja. Shamba lilikuwepo. Mumewe alikuwa yule yule. Mwizi aliyekuwa akimtafuta siku zote hizi alikuwa chini ya mashine ya kukausha nywele, na siku hiyo alipendeza sana.

"Kikulacho ki wapi, Mum?" Sue akamuuliza, akijifuta macho.

"Nyamaza. Mimi ni mama yako."

Walikuwa bado wanacheka wakati Wachuka alipokumbuka zile Jumanne, na kicheko kikamkauka. Koti la harusi. Nyuma ya stoo. Ule ukimya kwenye meko. Hayo hayakuwa kwenye namba ya mtungi wowote. Na kabla hajasema, simu ikalia mkononi mwa Sue. Namba ngeni. Wachuka akainyakua.

"Halo? Habari ya asubuhi. Naongea na Mzee Njuguna?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, changa na tamu. Wachuka akajinyoosha kwenye kiti. "Unaongea na mkewe. Na wewe ni nani?"

"Aa, shikamoo mama, afadhali ni wewe. Mimi ni Joan, wa kliniki ya masikio hapa Nakuru. Nimempigia mzee mara nyingi lakini kwa simu hatusikizani, nalazimika kupiga kelele. Mwambie mashine yake imefika. Ile ya sikio la kulia. Jumanne aje tumpime kama inamkaa vizuri. Na aje na mtu wa nyumbani, si yeye peke yake. Tumemwambia kila wakati."

"Sikio la kulia," Wachuka akarudia.

"Eeh. La kushoto bado linajaribu. Lile la kulia lilikuwa limeenda kabisa, mama. Si mlikuwa mmegundua?"

Wachuka alimshukuru, akamwambia Mungu ambariki, akaiweka simu mezani taratibu. Alikuwa akiona jikoni kwake. Kiti cha Njuguna kilikuwa upande huu wa jiko tangu nyumba ijengwe mara ya pili, na meko yalikuwa upande ule, kulia kwake. Kila jioni, kila alichomwambia mumewe akiwa anapika, alikuwa amekisemea kwenye sikio la kulia.

"Hakusikia," akasema. "Sue, hakunisikia hata siku moja. Na mimi nimemnunia mwezi mzima."

"Kwa nini hakusema?"

"Baba yako? Aseme amezeeka?" Wachuka akatikisa kichwa, safari hii kwa huruma. "Mficha uchi hazai, lakini nenda umwambie."

Sue aliivuta simu. Ule ukurasa ulikuwa bado wazi, na chini kabisa, chini ya Siuzi, Nauliza Tu, kulikuwa na kitufe kimoja cha kijani ambacho hakikuwa kimebonyezwa: ONA BEI YA SHAMBA LAKO. Sue alikitazama, akamtazama mamake.

"Nifute zote? Nikifuta, hii namba inaenda. Website zote zitamwona Dad kama mgeni."

"Futa," Wachuka akasema. Alikuwa tayari amesimama akitafuta pochi yake.

Sue akafuta. Kisha, ili mamake aamini, akafungua tena ule ukurasa wa habari. Ulifunguka kwa adabu ya mtu asiyewajua. Mahali pa lile shamba la kijani palikuwa na tangazo la magodoro, na chini kikatokea kile kisanduku cha kila siku: tunatumia vidakuzi (cookies), kubali zote, kataa. Wachuka aliinama, akanyoosha kidole chake mwenyewe, akabonyeza Kataa kwa nguvu iliyotosha kubomoa kengele ya mlango.

Kwa wakili hawakwenda. Walikwenda kununua maandazi, Wachuka akapewa furushi la kumpelekea mzee, na kabla ya saa tisa alikuwa amerudi Molo, ukungu ukishuka tayari kwenye viazi.

Njuguna alikuwa kwenye geti la boma, ameshika ile simu mpya ya mkewe mbele ya kifua chake kama mtu aliyepewa mtoto kanisani amshikie kidogo.

"Ulichukua yangu," akasema. Macho yake yalikuwa na wasiwasi. "Kuna mtu alipiga?"

Wachuka alikuwa amefika upande wa kulia. Akasimama, akazunguka nyuma yake polepole, akaja kusimama upande wa kushoto, karibu kabisa, bega kwa bega.

"Kliniki walipiga," akasema. "Mashine imefika. Jumanne tunaenda wote."

Njuguna aliinamisha kichwa akatazama gambuti zake. "Nilitaka uione ikiwa tayari iko sikioni," akasema mwishowe. "Nilifikiri utasema umebaki na mzee kiziwi."

"Mimi nilifikiri unauza shamba."

Akageuka haraka. "Nauza nini?"

Basi akamweleza yote, pale pale kwenye geti, akisemea sikio zima: saluni, mashine ya nywele, kile kibao cha Mwaura, namba ya mtungi, wale wambea wa matangazo waliokaa hadi kwenye mahubiri, na jinsi alivyokuwa ametoka asubuhi hiyo na kitambulisho kwenye pochi kwenda kumwekea zuio. Hilo la mwisho alilisema akiwa ameshika furushi la maandazi kwa mikono miwili, maana aliona aibu, na aliona ni heri aibu hiyo aione mwenyewe leo kuliko kuisikia kwa mtu mwingine. Njuguna alimsikiliza hadi mwisho. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikubwa, kile ambacho Wachuka hakuwa amekisikia tangu Krismasi, na ng'ombe wote watatu wakainua vichwa. Alicheka hadi akashika mti wa geti. Wachuka alimtazama na moyo wake ukawa mwepesi, mwepesi kabisa, akatamani kumpiga kofi na kumkumbatia.

Walipotulia, Njuguna alifungua furushi, akala andazi moja akitazama shamba lake, jinsi ukungu ulivyokuwa ukilifunika mstari mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye ua wa Chepkemboi. Alimjua mkewe. Alitafuna, akameza, akauliza bila kugeuka:

"Na walisema ni bei gani?"

"Sijui," Wachuka akasema. "Sikuuliza."

Njuguna akaacha kutazama shamba. Akamgeuzia lile sikio la kushoto, akainama kidogo.

"Sema tena," akamwambia, ingawa alikuwa amesikia vizuri.